Mchumba wangu anasema lazima nichague upande mmoja

SWALI

"Mimi ni mwanamume wa miaka 31. Nina mchumba, tumekuwa pamoja miaka 3 na harusi imeshapangwa. Miezi miwili iliyopita nilimweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kabla yake niliwahi kumpenda mwanamume kwa karibu mwaka mzima, na hata leo navutiwa na wanaume kama ninavyovutiwa na wanawake. Sijawahi kumsaliti. Nilimwambia kwa sababu sikutaka aolewe na mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo hatuna amani. Anasema, 'Kiri tu kwamba wewe ni shoga, umenitafuta niwe pazia lako.' Anauliza ataniaminije wakati yeye peke yake hawezi kunitosha. Anataka nikapime magonjwa. Ameniomba namba ya siri ya simu yangu. Juzi tulikuwa tunaangalia mpira, kamera ikamvuta kipa karibu. Nikageuka nikakuta mwenzangu haangalii runinga, ananiangalia mimi usoni. Nina rafiki anayependa wanaume, nikadhani yeye atanielewa. Alicheka, akasema hata yeye alianza hivyo hivyo, nikiacha uoga nitafika. Sasa nimeanza kujitilia shaka mwenyewe. Je, mtu kama mimi yupo kweli, au najidanganya? Nina haki ya kuoa? Na mchumba wangu anataka tumshirikishe dada yake ili atushauri. Naogopa."

JIBU

Ndugu yangu, umeuliza mengi, lakini nitaanza na lile ulilolichomeka karibu na mwisho kana kwamba halina uzito: kama mtu wa namna yako yupo. Yupo. Wapo wengi, na wengi wao wamenyamaza kama ulivyonyamaza wewe miaka yote hiyo.

Tazama kilichokupata. Mchumba wako na rafiki yako hawajakaa pamoja kukujadili, na huenda hawaafikiani kwa jambo lingine lolote, lakini wametoa hukumu moja: wewe unapenda wanaume tu, hujakiri bado. Mmoja ameitamka kwa uchungu, mwingine kwa kicheko. Baiseksho, yaani mtu anayevutiwa na wanaume na wanawake pia, hukutana na hukumu hii kutoka pande zote mbili, na ndiyo maana humtikisa kuliko tusi la mtaani. Anayetukanwa na wasiompenda huwa ana watu wake wa kuwakimbilia. Wewe ulimkimbilia uliyemdhania kuwa wako, ukakuta naye ana shaka ile ile.

Rafiki yako hakusema uongo kuhusu maisha yake. Wapo wanaume wanaopenda wanaume wenzao ambao mwanzoni walijiita baiseksho kwa sababu ilikuwa rahisi kutamka nusu ya habari kuliko kuitamka nzima. Alipokosea ni kuichukua njia aliyopita yeye na kuamini kwamba kila anayeonekana humo anaelekea alikofika yeye. Lisa Diamond, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia wanawake 79 kwa miaka 10, akiwahoji kila baada ya muda kuhusu watu wanaowavutia na namna wanavyojitambulisha. Kama ubaiseksho ungekuwa kituo cha kupumzikia tu, waliojitambulisha hivyo wangepungua kadiri miaka inavyokwenda. Matokeo aliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kinyume chake: waliojiunga na kundi la baiseksho, au la wasiotaka kujipa jina lolote, walikuwa wengi kuliko waliolihama. Mvuto wao ulipanda na kushuka, mara zaidi huku, mara zaidi kule, ila wachache sana waliishia kusema wanapenda jinsia moja tu.

Utaniambia hao ni wanawake. Ni kweli, na kwa wanaume ubishi ulikuwa mkali zaidi, hata miongoni mwa wanasayansi. Mwaka 1948 Alfred Kinsey, baada ya kuwahoji maelfu ya wanaume wa Marekani, alikataa kuwagawa watu mafungu mawili. Aliweka kipimo cha kuanzia 0 hadi 6: 0 ni anayevutiwa na jinsia nyingine tu, 6 ni anayevutiwa na jinsia yake tu, na katikati akapanga watu wengi ambao jamii haikuwa na mahali pa kuwaweka. Ungedhani hapo maneno yamekwisha. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipima namna miili ya wanaume inavyoitikia filamu za ngono, wakasema wengi wa waliojiita baiseksho walisisimkwa hasa na jinsia moja. Magazeti yakaipokea habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyethibitishiwa alichokuwa akikiamini tangu zamani.

Mwaka 2011 chuo kile kile kilirudia kazi kwa kuchagua washiriki kwa uangalifu zaidi. Safari hii walitakiwa wawe wamewahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi wa angalau miezi 3 na mwanamke, na vilevile na mwanamume. Miili yao iliitikia jinsia zote mbili. Mwaka 2020 ukatoka uchambuzi uliokusanya takwimu za tafiti kadhaa, zikihusu mamia ya wanaume, na hitimisho lake likawa kwamba ubaiseksho wa wanaume ni jambo halisi. Miongoni mwa walioutia saini ni Michael Bailey, mmoja wa wale walioutilia shaka mwaka 2005. Habari ya kwanza iliwafikia watu wengi. Hii ya pili, sidhani kama imemfikia mchumba wako au rafiki yako.

Nimekueleza haya yote, halafu nakuomba usiyageuze kuwa utetezi. Usiende kwa mchumba wako na tafiti mkononi kama mshtakiwa mwenye vielelezo. Hakuna maabara unayolazimika kupita ili ukubaliwe kuwa unajijua. Ulimpenda mwanamume, ukampenda mwanamke, na unakumbuka yote mawili yalivyokuwa. Ushahidi wa kutosha ndio huo. Wala haitakiwi mizani ilingane. Wapo wanaovutiwa zaidi na jinsia moja, nyingine mara moja moja, na bado ni baiseksho.

Basi kwa nini watu wanang'ang'ania uchague? Mwanasheria Kenji Yoshino aliandika makala mwaka 2000 akitoa maelezo ambayo mimi huyarudia mara kwa mara katika kazi yangu. Mwanamume anaposema, "Nampenda mke wangu," katika dunia isiyo na baiseksho anakuwa amesema mambo mawili kwa pumzi moja: anapenda wanawake, na hapendi wanaume. Hahitaji kuongeza neno. Ukishakubalika wewe, kauli yake inathibitisha la kwanza tu. La pili linabaki hewani. Vivyo hivyo kwa anayependa jinsia yake. Kwa hiyo pande mbili zisizopatana zina faida moja ya pamoja, nayo ni wewe usionekane. Kwa wapenzi wa jinsia moja kuna pia hofu ya ziada: wamepigana miaka mingi kueleza kwamba hawakuchagua kuwa walivyo, na wanaogopa mtu kama wewe atatumika kuwaambia, "Mbona huyu anaweza wanawake?"

Halafu kuna jambo la macho tu. Watu hukutambua kwa uliyeshikana naye mkono. Ukiwa na mwanamke, wewe ni kama wanaume wengine; ungekuwa na mwanamume, ungeitwa shoga. Hakuna siku ambayo ungepita barabarani ukaonekana baiseksho, labda siku utakayokamatwa ukisaliti, na hapo ndipo jina linapopata sura mbaya, kwa sababu wanaoonekana ni wale tu waliofumaniwa. Kumbuka pia kwamba katika utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2013 huko Marekani, asilimia 84 ya baiseksho waliokuwa na wenza walikuwa na mwenza wa jinsia nyingine. Ni asilimia 28 tu waliosema watu wote au wengi walio muhimu kwao wanajua. Kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja ilikuwa asilimia 77. Na haya yanatokea ilhali baiseksho ndio kundi kubwa: kampuni ya Gallup ilipouliza mwaka 2021, zaidi ya nusu ya Wamarekani wote waliojitaja kuwa si wapenda jinsia nyingine tu walisema ni baiseksho. Wengi kwa idadi, na hawaonekani.

Sasa tuje kwa mchumba wako, maana sitaki umwone kama adui. Swali lake la kama atakutosha linauma, lakini chini yake kuna hofu ninayoielewa. Anajiambia: mwanamke mwenzangu nikishindana naye najua la kufanya, mwanamume nitashindana naye kwa kitu gani? Kuna kitu sina na sitakuwa nacho kamwe. Hofu hiyo inatokana na kuuchanganya mvuto na mwenendo. Mvuto ni upana wa watu wanaoweza kukugusa moyo. Uaminifu ni unachofanya baada ya kuguswa, na huo hauna jinsia. Mwanamume anayevutiwa na wanawake warefu na wafupi haoi mmoja wa kila kimo, na mkewe mfupi hakeshi kwa wasiwasi kila warefu wapitapo. Kila aliye katika ndoa ameacha watu ambao angeweza kuwapenda. Wewe utawaacha wanaume na wanawake. Mwingine atawaacha wanawake tu. Anayeacha wengi hana njaa kuliko anayeacha wachache.

Hata hivyo sitakudanganya. Wapo baiseksho ambao hawataki kufungwa na mtu mmoja, kama walivyopo miongoni mwa wanaume wasiowahi kumtazama mwanamume mwenzao. Jiulize peke yako, bila kumtazama mtu usoni: ukifikiria miaka 20 na mwanamke huyu, unajisikia umefika au unajisikia umefungiwa? Kama kuna hamu ya kuishi na mwanamume ambayo haitulii, na unaoa ili uizime, simamisha harusi. Ndoa haizimi kitu cha namna hiyo, na atakayelipa gharama ni yeye. Kama unachohisi ni mvuto unaokuja na kupita huku moyo uko kwa huyu mmoja, basi jibu la swali lako ni ndiyo, una haki ya kuoa kama mwanamume mwingine yeyote, na tayari umefanya jambo ambalo wengi huliahirisha hadi baada ya harusi.

Kuhusu magonjwa. Dhana kwamba baiseksho ndio daraja la kuvusha maradhi ilishika kasi miaka ya 1980 UKIMWI ulipozuka, pale wanaume waliowahi kuwa na wanaume na wanawake walipolaumiwa kwa kuuingiza ugonjwa majumbani. Kirusi hakiulizi unajiitaje. Kinafuata ngono isiyo na kinga na mtu mwenye virusi visivyodhibitiwa kwa dawa, awe wa jinsia yoyote. Ombi la kupima nalikubali kwa mikono miwili, kwa sharti moja: mpime wote wawili, siku moja, kama wachumba wengine wanaojiandaa kuoana. Akikataa kupima yeye kwa kuwa "mwenye shida ni wewe", mweleze kwa upole kwamba hapo suala si afya tena. Na mkumbuke vipimo vya haraka vya VVU vinaweza kuchukua hadi miezi 3 tangu maambukizi kuonyesha majibu ya uhakika.

Namba ya siri ya simu usimpe. Najua wapo wenzangu watakaosema mpe ili atulie, lakini nimeona inavyokwenda. Leo atasoma ujumbe wa wanawake na wanaume wote, maana kwako hakuna jinsia isiyo na shaka. Kesho atauliza mbona fulani kakuandikia usiku. Keshokutwa utaanza kufuta vitu visivyo na hatia ili kuepuka maswali, naye akigundua vimefutwa atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta. Kila uthibitisho unaotolewa chini ya ulinzi hutuliza kwa saa chache, kisha hudai mwingine mkubwa zaidi. Ile ya kukuangalia usoni wakati kipa anaonyeshwa ni mlango wa barabara hiyo hiyo.

Anachoweza kukudai na asichoweza kukudai vitenganisheni. Anakudai ukweli kuhusu mwenendo wako: umekuwa na nani, umejikinga vipi, una mpango gani, utamweleza nini ukijikuta moyo unahama. Hayo yajibu kikamilifu, hata akiuliza mara mbili. Hawezi kukudai ushahidi wa kile usichokihisi. Akikuuliza, "Yule kipa umempenda?" unaweza kumjibu, "Niulize kitu kuhusu sisi, nitakujibu. Kuhusu kila anayepita kwenye runinga, sitajibu, kama nisivyokuuliza wewe." Sema bila hasira. Halafu geukeni mwendelee na mpira. Mara ya kwanza itakuwa ngumu.

Mpe pia muda. Wewe umeishi na habari hii tangu ujana, yeye ameishi nayo miezi miwili. Kuahirisha harusi kwa miezi kadhaa kuna aibu yake mbele ya ndugu, lakini kwa maoni yangu ni nafuu kuliko kufunga ndoa mmoja akiwa mpelelezi. Ila muda huo uwe na mwisho mliokubaliana, na uwe wa mazungumzo. Muda wa adhabu haumsaidii yeyote. Ikifika mwisho wake bado anakuita pazia, huenda hatakuamini kamwe, na mtu ana haki ya kushindwa kuolewa na wewe. Utaumia. Haitakuwa na maana kwamba alichosema juu yako kilikuwa kweli.

Suala la dada yake ni zito kuliko ulivyoliandika. Siri hii ni yako. Ikishatoka kwa mtu wa tatu hairudi, na zipo nchi nyingi ambako uhusiano wa jinsia moja ni kosa la jinai, na sheria hiyo haibagui kati ya baiseksho na mpenzi wa jinsia moja. Mtu anaweza kupoteza kazi, nyumba au usalama wake kwa sentensi moja iliyosemwa kwa nia njema. Mwambie mchumba wako wazi kwamba anahitaji mtu wa kumwegemea, na hilo ni halali, lakini mchague mtu huyo pamoja, ikiwezekana mshauri anayefungwa na maadili ya kutunza siri. Ikiwa "tumshirikishe dada" inasemwa kama tishio kila mnapogombana, liite tishio. Siyo ushauri tena.

Nalisema hilo kwa sababu. Taarifa ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, iliyotoka mwaka 2013 kutokana na takwimu za 2010, ilionyesha kwamba asilimia 61 ya wanawake baiseksho waliwahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mwenza, wakati kwa wanawake wanaopenda wanaume tu ilikuwa asilimia 35. Kwa wanaume baiseksho ilikuwa asilimia 37. Wanawake hawa hubebeshwa dhana ya peke yao, kwamba wapo kwa ajili ya kuwastarehesha wanaume na hivyo hawakosi kukubali chochote. Wanaume kama wewe hubebeshwa ya uongo na maradhi. Sura ni mbili, lakini mzizi mmoja: kwamba mtu huyu hana mipaka, kwa hiyo si lazima kuiheshimu.

Shaka uliyoanza kujitilia ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Mtu akiambiwa kila siku na anaowapenda kwamba hajijui, huanza kujichunguza yeye mwenyewe kwa macho yao: nimemtazama yule kwa sekunde ngapi, nimesisimka au sikusisimka. Watafiti wa afya ya akili wana maelezo ya msongo huu, ule unaotokana na kuishi ukiwa umejificha na ukitarajia kukataliwa. Unachosha mwili na akili hata siku ambayo hakuna aliyekusema. Kwa baiseksho mara nyingi huja na upweke, kwa kuwa hakuna kundi la kuingia. Ukiona usingizi umekata kwa wiki kadhaa, kazi haifanyiki, pombe imeongezeka, au mawazo ya kwamba bora usiwepo yanakupitia, usisubiri jibu jingine kutoka kwangu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, au mwite mtu mmoja unayemwamini akae nawe. Si lazima umweleze chanzo ili akusaidie kuvuka usiku. Na ikiwa kati yenu kumeanza kurushiana mikono au kutishiana, kaeni mbali kwanza, mazungumzo baadaye.

Kama hali haijafika huko, nawashauri muende pamoja kwa mshauri wa wachumba, vikao vichache kabla ya kuamua chochote. Kabla hamjaenda, piga simu bila kutaja jina, uliza mambo mawili: kama ameshawahi kuwasaidia wachumba ambao mmoja wao anavutiwa na jinsia zote mbili, na kwa maoni yake lengo la vikao linapaswa kuwa nini. Akijibu kwamba lengo ni wewe kuchagua upande, au kwamba anaweza kukubadilisha, aga kistaarabu na umtafute mwingine. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, na mbinu za kubadilisha mvuto wa mtu zimelaaniwa na vyama vikubwa vya wanasaikolojia kwa sababu hazifanyi zinachoahidi na huwaacha watu wameumia. Akijibu kwamba lengo ni ninyi wawili kuweza kuulizana na kujibiana bila kuogopana, weka miadi, na mchumba wako ndiye achague siku.